Fundi na Sehemu ya Kumi na Nne

Ukimwamkia Fundi, haitikii. Kwanza atakuangalia mikononi aone umebeba nini, halafu atasema, "Sema shida." Ukishasema shida, na yeye akishaamua kwamba ni shida ya kweli, ndipo ataiitikia ile shikamoo uliyoitoa dakika tano zilizopita. "Marahaba," atasema kwa upole, utadhani ndiyo kwanza umeingia. Niliwahi kumwuliza sababu. Akanijibu kwamba mwenye redio mbovu huamkia kwa adabu kumzidi aliyekuja kusalimia tu, na yeye hapendi kudanganywa asubuhi.

Tabia hiyo sikuichukia. Mimi nakata tiketi za mabasi stendi ya Korogwe, na kazi hii imenifundisha kwamba abiria anayekuja na tabasamu ana mzigo ambao hajautaja. Nikiona mtu amebeba begi dogo anauliza nauli ya mtoto, najua mtoto ana ndevu. Kwa hiyo tulikuwa watu wa aina moja, mimi na Fundi, na huenda ndiyo maana nilimshuku yeye kwa miaka mingi kuliko mtu mwingine yeyote.

Alizaliwa wapi, ni wa ukoo gani, hayo sitayasema kwa sababu siyajui na sikuyatafuta. Najua tu kwamba akiungua na chuma cha kulehemu hulaani kwa Kishambaa, na akihesabu waya huhesabu kwa Kiingereza. Banda lake liko Kwamndolwa, la mbao, limejaa TV za chogo zilizopangwa hadi darini, nyingi hazina wenyewe. Sukari huiweka kwenye kopo la gundi na gundi kwenye kopo la sukari, na mgeni akishangaa hujibu kwamba yeye hajawahi kukosea, wageni ndio hukosea. Chai hainywi mpaka ipoe kabisa. Nimemwona akiipulizia chai iliyokwisha kupoa.

Lakini jambo ambalo Korogwe nzima inamjua nalo Fundi ni ujeuri. Haambiwi akasikia. Bwana mkubwa mmoja wa serikali, jina lake tuliache, alimtuma dereva na TV ya nyumbani kwake, kubwa, ikiwa imefungwa kwenye blanketi. Dereva akasema bosi anaitaka leo leo. Fundi akamwambia TV hiyo ni ya nne, mbele yake kuna redio ya bibi mmoja wa Makuyuni, na bibi amekuja kwa miguu. Dereva akapandisha sauti, akauliza kama Fundi anajua anazungumza na nani. Fundi aliinyanyua ile TV mwenyewe, na si nyepesi, akaipeleka hadi kwenye gari, akaifunga na blanketi lake vizuri, akafunga na mlango wa gari. Kisha akarudi kwenye redio ya bibi. Tulioshuhudia tuliisimulia stendi nzima, na kila tulipoisimulia TV ilizidi kuwa kubwa.

Handeni nako walimjua hivyo hivyo. Miaka ile TV zilipoanza kuingia huku kwetu, Fundi alikuwa akichukua TV, deki ya video na jenereta ndogo, anapakia juu ya basi, anakwenda kuonyesha michezo kwenye magulio ya Handeni. Anafunga turubai, watu wanakaa chini. Ukimwambia "Fundi, ongeza sauti," anapunguza. Watu wakajifunza kumwomba kinyume. Mmoja anapiga kelele, "Fundi, punguza bwana, tunaumwa masikio!" naye anaongeza, wote wanafurahi. Ujanja huo ulidumu magulio mawili. La tatu, Fundi alipoambiwa apunguze alipunguza kweli, akakaa kwenye kiti chake anawatazama mmoja mmoja.

Sasa niseme na la upande wa pili, maana picha ya mtu haina upande mmoja. Mjeuri huyu alikuwa mwaminifu kupita kiasi. Mwanamke mmoja alileta deki iliyokwama, Fundi akakuta ndani pete ya dhahabu ambayo mtoto aliitumbukiza. Mwenyewe hakuwa anajua ilipo, alishaililia akamaliza. Fundi alifunga banda, akaipeleka pete hadi mlangoni kwake, akaikabidhi, akagoma hata kupewa maji. Na ahadi zake hazikuwa za kifundi. Mafundi wengine wakikuambia kesho, unaelewa kwamba kesho ni neno tu. Fundi akisema Alhamisi, Alhamisi unaikuta redio yako inaimba mezani. Sijawahi kusikia mtu aliyeahidiwa na Fundi siku akaja akarudi mikono mitupu.

Isipokuwa mimi. Mimi aliniambia "bado natafuta" kwa miaka mitatu.

Nilichokuwa nikitafuta ni kanda. Kulikuwa na mchezo wa kuigiza kwenye TV, ukiitwa "Mlango wa Uani". Wa umri wangu watakumbuka miaka ile. Nyumba moja ya tajiri, mlango wa mbele wanaingia wageni na maneno mazuri, mlango wa uani zinaingia habari zote za kweli. Ulionyeshwa mara moja tu, kila Jumanne jioni, na haukurudiwa tena. Baadaye tukaja kusikia kwamba kituo kilichouonyesha kilizitumia tena kanda zake kurekodia mambo mengine. Sehemu moja moja zilibaki mikononi mwa watu, nyingine zikapotea moja kwa moja.

Fundi alikuwa akizirekodi. Aliunganisha mabomba ya maji akasimamisha mlingoti wa antena mrefu kuliko wa mtu yeyote Kwamndolwa, na picha yake ilikuwa na chenga, ile mvua nyeupe ya kwenye kioo, kidogo kuliko za wenzake. Kila sehemu aliipa kanda yake peke yake. Watu walimwona mbadhirifu, kwa sababu kanda moja ingebeba sehemu nne au tano. Yeye alisema deki ikimeza kanda, imeze sehemu moja, isimeze mchezo mzima. Akishamaliza kurekodi, alikuwa akichukua bisibisi anavunja kile kipande kidogo cha plastiki kilicho mgongoni mwa kanda. Kipande kile kikiisha kuvunjwa, deki haikubali tena kurekodi juu yake. Ukitaka kuifuta ni lazima uzibe lile tundu kwa selotepu. Fundi alivunja kila kanda ya "Mlango wa Uani" usiku huohuo ilipoonyeshwa, halafu akaandika namba ya sehemu kwa kalamu nyekundu.

Hayo niliyajua mapema. Ndiyo maana alipoanza kuniambia anatafuta, mimi nilijiuliza mtu aliyeandika namba kwa kalamu nyekundu anatafuta nini.

Wapenzi wa mchezo ule tuna kundi letu la WhatsApp. Tuko watu wa kila mahali, wengine wako nje ya nchi, na hatufahamiani kwa sura. Niliingia kwa jina lisilo langu, maana sipendi kuingia mahali kwa mlango ambao kila mtu ananiona. Matumaini ya kundi lile ni kitu cha ajabu. Wiki hii mtu anasema kanda zote ziko stoo ya kituo, shemeji yake ameziona. Wiki ijayo shemeji hapatikani. Mwingine akaandika kwamba kuna Mwarabu anazo Muscat, watu wakamwombea dua Mwarabu wa watu ambaye hakuna aliyemjua. Mmoja alinunua diski sokoni iliyoandikwa jina la mchezo, akafika nyumbani akakuta ni mafunzo ya ufugaji wa kuku. Niliwacheka wote. Nilimjibu kila mtu kwa maswali: umeiona wewe mwenyewe, lini, nani alikuwepo? Waliniita Polisi.

Lakini na mimi nilikuwa na tumaini langu, nalo sikumwambia mtu. Nilitaka sehemu ya kumi na nne. Katika sehemu hiyo msichana wa kazi anaingia kwa mlango wa uani, anamwambia mama mwenye nyumba maneno mawili matatu, mama anakasirika, anatoka. Msichana anaufunga mlango kwa mgongo wake, anabaki peke yake, anacheka. Basi. Haonekani tena katika mchezo wote. Kundi zima lilimkumbuka. "Yule binti aliyecheka mlangoni," waliandika. Mmoja akisema alivaa kitenge chekundu, mwingine anasema cha bluu, wanabishana kutwa nzima. Hakuna aliyejua jina lake, kwa sababu majina ya waigizaji yanayopita mwishoni, Fundi na wengine wote waliorekodi waliyakata ili kuokoa kanda.

Jina lake ni Mwanahamisi, dada yangu mkubwa, kifungua mimba wa mama. Alikuwa Dar kwa shangazi akiuza vitambaa, akajiunga na kikundi cha maigizo, akapewa nafasi ile moja. Miezi miwili baada ya sehemu ile kuonyeshwa aliugua homa siku nne, akafariki. Tulimzika kwetu Mnyuzi. Mimi nilikuwa shule ya bweni, sikuiona ile sehemu ilipoonyeshwa, sikuiona hata baadaye. Nyumbani kuna picha yake moja ndogo ya kitambulisho, amefunga mdomo. Sauti yake hatuna popote. Watu wa Muscat na Mwanza wanakumbuka kicheko cha dada yangu, mimi nimekisahau.

Siku moja nilikuwa kwa mama Mnyuzi, tunapukuchua mahindi, nikafungua ujumbe wa sauti wa kundi bila kuweka simu sikioni. Bwana mmoja nisiyemjua alikuwa akisema kwamba akimkumbuka yule binti aliyecheka mlangoni, na yeye huanza kucheka peke yake barabarani. Mama aliacha kupukuchua. Akaniambia nirudie. Nikarudia. Akaweka gunzi chini, akasema, "Nenda kwa Fundi. Kamwulize kama ile ya Mwanahamisi bado anayo."

Nilikwenda kesho yake. Sikujiuliza mama alijuaje kwamba wa kuulizwa ni Fundi, na kwa nini alisema "bado". Mimi ninayemshuku kila mtu, mama yangu sikumshuku.

Hiyo ndiyo siku ya kwanza Fundi aliponiambia anatafuta. Nilimwona akibadilika uso. Aliuliza, "Nani kakutuma?" Nikasema mama. Akauliza mama hajambo, anasikia vizuri, analala vizuri, maswali ambayo Fundi hamwulizi mtu. Kisha akainamia redio iliyokuwa mbele yake, akaanza kuifungua. Redio ile alikuwa amemaliza kuifunga wakati naingia. Nikasema moyoni, huyu anayo.

Basi ikawa kila mwezi au miezi miwili mama ananituma, nami nakwenda. "Natafuta." "Stoo imejaa." "Panya wameharibu maboksi." Nikimwambia nitamsaidia kutafuta, anasema stoo ina nyuki. Nilizunguka nyuma ya stoo nikasimama dakika kumi nzima nikisikiliza. Hakukuwa na nyuki. Nikirudi Mnyuzi mama huniuliza, "Amesemaje?" Namwambia. Hakasiriki, mama. Kila nikimwambia Fundi bado anatafuta, huitika "Haya" kwa sauti nyepesi, kama mtu aliyepewa habari njema. Nilidhani ni subira ya wazee.

Kisha yakatokea ya mwaka juzi, ambayo yalinimaliza. Jamaa mmoja wa kundi, aliyenasa fununu za kanda za Fundi, alikuja na pikapu kutoka Tanga, akataka kununua kanda zote kwa mkupuo, akaanza na kuelekeza ziwekwe wapi. Fundi alimpa kiti, akamwacha amekaa hapo, akafunga banda akaenda kulala. Jamaa alikaa mpaka akachoka. Wiki mbili baadaye akaja katibu wa kundi letu, mama mwalimu wa sekondari. Huyu hakuomba chochote. Alileta pasi yake mbovu, akasubiri zamu yake, akazungumza habari za mvua. Fundi akamtengenezea pasi, kisha akaingia stoo akatoka na boksi la kanda, akamwekea miguuni. "Chukua," akasema. "Mimi deki yangu imekufa."

Kundi liliwaka moto. Sehemu ya tisa, iliyotafutwa na dunia nzima, ilikuwemo. Ya kumi na tatu ilikuwemo. Ya kumi na tano ilikuwemo. Watu wazima walituma sauti wanalia. Katibu alipiga picha kanda zote zimepangwa mstari mmoja, migongo juu, namba nyekundu. Niliikuza ile picha kwa vidole nikahesabu. Baada ya kumi na tatu ilifuata kumi na tano.

Hapo nilifanya jambo ambalo silioni fahari. Niliandika kwenye kundi, kwa lile jina lisilo langu, kwamba Fundi wa Korogwe ameificha sehemu ya kumi na nne makusudi, anangoja wenye fedha wapande dau, na kwamba ni tapeli wa siku nyingi. Waliniamini, kwa sababu Polisi hakuwahi kumsifia mtu wala kumsingizia. Watu wakapata namba yake wakampigia. Wengine waliomba, wengine walimtukana mzee wa watu. Akazima simu, na haikuwashwa tena. Nilipita mbele ya banda lake nikamwona amekaa, hana kazi mkononi. Sikusimama.

Mwaka huu, masika yalipokatika, masikio ya mama yalianza kufunga. La kushoto lilikwisha, la kulia linasikia ukipaza sauti. Daktari alisema tusitegemee lirudi. Mama akaniambia, "Nenda kwa Fundi mara hii moja. Usirudi bila jibu." Nikapanda gari kutoka Mnyuzi huku nimejipangia maneno yote. Nilikusudia kumwambia mbele ya majirani zake kwamba mama yangu anakaribia kuwa kiziwi na yeye amekalia sauti ya mtoto wake.

Nilimkuta peke yake. Mkono wake wa kulia unatetemeka siku hizi, kulehemu hawezi. Anatengeneza rimoti tu, na hata rimoti anazishika kwa mikono yote miwili. Nilisema shikamoo. Nilijua haitaitikiwa.

"Marahaba," akasema papo hapo. "Kaa."

Sikukaa. "Mzee, safari hii sikuja kuambiwa unatafuta. Masikio ya mama yanafunga. Akipoteza na hilo la kulia, hata ukiipata kesho haina faida. Sema unataka nini."

"Ile uliyoandika kwenye kundi lenu nilisomewa," akasema.

Nilisikia joto usoni. "Umejuaje kuwa ni mimi?"

"Nani mwingine anauliza kumi na nne kwa miaka mitatu?" Hakusema kwa hasira. Aliinuka, akaingia stoo, akakaa humo kidogo, akatoka na kanda moja. Akaiweka mezani mbele yangu, mgongo juu. Kalamu nyekundu: 14.

Nilitaka kumrukia. "Ulikuwa nayo!"

"Itazame vizuri."

Niliitazama. Pale penye tundu la plastiki iliyovunjwa palikuwa na kipande cha selotepu. Kilikuwa cha zamani, kimegeuka rangi ya chai, kingo zimekamata vumbi. Ilinichukua muda kuelewa ninachokiona. Fundi alivunja ili kanda isifutike, halafu mtu akaziba.

"Ulimfuta," nikasema. "Umerekodi nini juu yake? Mpira?"

"Hakuna kitu. Nilichomoa antena nikarekodi chenga. Nilikaa hapa hapa nikazitazama mpaka zikaisha." Aliigusa ile selotepu kwa kidole. "Mama yako alikuja mwenyewe. Arobaini ya dada yako haijatimia. Handeni watu walikuwa wanangoja kila gulio niirudie ile ya binti kucheka, nami narudia, wanacheka naye. Habari zikamfikia. Akaja kwa treni, akasimama hapo uliposimama. Akasema, 'Fundi, mwanangu yuko kaburini na watu wanamcheka kwenye turubai. Kichwa wazi, mbele za wanaume. Hapumziki. Mfute.' Akasema nisimwambie mtu. Nikamwambia nimesikia."

"Unamsingizia mama yangu."

"Haya."

"Mzee, unamsingizia bibi kizee ambaye hayupo hapa kujitetea!"

"Basi mpigie," akasema Fundi. "Mimi nimechoka kutafuta."

Nilimpigia nikiwa na hakika namkamata. Niliweka spika, sauti hadi mwisho. Mama akapokea, kuku wanalia nyuma yake. Nikapaza sauti, "Mama, niko kwa Fundi. Anasema wewe ndiye uliyemwambia amfute Mwanahamisi!"

Nilingoja aseme huyo mwanamume ni mwongo. Kuku waliendelea kulia.

"Mpe simu," akasema.

Fundi akaipokea kwa mikono miwili, akaishika mbali na uso. "Mama Mwanahamisi," akasema, "habari za Mnyuzi?"

Mama hakujibu salamu. "Fundi. Ulifuta?"

"Nilifuta, mama."

"Yote?"

"Yote. Nusu saa nzima."

"Kwa nini?"

Fundi alinitazama mimi, kana kwamba swali ningelijibu mimi. "Si uliniambia, mama?"

"Mimi nilikuja kwako," mama akasema, na sauti yake ilikuwa imepanda, sijui kwa uziwi au kwa jambo jingine, "kwa sababu wewe huambiwi ukasikia. Wakubwa walikuambia hukusikia. Handeni nzima ilikuambia hukusikia. Mkiwa ndani ya msiba mtu anasema, Fundi, ni lazima aseme. Nilisema. Nikaondoka nikajua hutanisikia. Miaka yote najua unayo, una jeuri tu, hutaki kunirudishia. Kila mtoto akiniambia unatafuta, nalala vizuri." Akavuta pumzi. "Watu wote hao uliwakatalia. Mimi ndiyo ukanisikiliza?"

Machozi yalimtoka Fundi bila uso wake kubadilika, yakapita kwenye ndevu. "Ulikuwa umefiwa, mama," akasema. "Nitamkataliaje aliyefiwa? Ningejua ningekukatalia. Wallahi ningekukatalia."

Kwa miaka mitatu nilikuwa nimemwita huyu mtu mwongo, moyoni na hadharani, na muda wote uongo wake ndio uliokuwa tumaini letu, mimi na mama. Kama ni tapeli, basi kanda ipo. Sasa nilimwamini, neno kwa neno, na nilitamani kuliko kitu chochote awe ananidanganya. Nilitaka kumwomba radhi nikashindwa nianzie wapi. Nilisema tu, "Mzee, nimekukosea." Akatikisa kichwa, akanionyesha simu, kwamba mama bado yupo.

"Hiyo kanda bado unayo?" mama akauliza.

"Ninayo. Sikurekodi kitu kingine juu yake."

"Mpe mtoto aniletee."

Niliinamia simu nikasema kwa nguvu, "Mama, haina kitu! Ni chenga tupu!"

"Nimesikia," mama akasema. "Mimi si kiziwi bado. Nileteeni."

Fundi aliifuta kanda vumbi kwa shati lake, pande zote, mgongoni akapita taratibu ili asiibandue selotepu. Akatafuta mfuko, akakosa, akaifunga kwa gazeti. Kisha akasimama wima, akanikabidhi kwa mikono miwili, namna tunavyomkabidhi mtu kitoto kichanga, nami nikaipokea hivyo hivyo nikaenda kupanda gari la Mnyuzi.